Kiapo cha Mzee Saulo

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu," aliapa Mzee Saulo, dereva mstaafu wa chuo. "Mkinikamata na uongo, chai ya meza nzima nalipa mimi."

Walimu wakacheka. Pale kibandani kwa Mama Pendo, mtaani Soweto, hakuna aliyewahi kumsikia Saulo akisema kweli. Alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi. Wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti. Baridi ya Julai, alisema, imemwingia hadi mifupani.

"Dokta Malimi, mwalimu mwenzenu, anatoka Iringa na orodha ya chama cha wafanyakazi, kile mkuu wa chuo asichotaka kukisikia. Majina arobaini, sahihi arobaini. Kufika Igawa, gari likamzibia njia. Wakashuka majitu saba!"

"Punguza, mzee," alidakia Mwalimu Philbert.

"Haya, watatu. Lakini wanene! Wakamvuta nje kwa tai. 'Lete orodha!' Akaikunja. Spana ya tairi ikatua gotini, kah! Goti likavunjika kama muwa. 'Lete!' Yeye huyo, karatasi mdomoni. Mmoja akamtumbukizia vidole aichomoe. Wee! Dokta aliuma, akauma, damu ikamchuruzika kidevuni, haachii. Ikabidi wampige spana ya taya. Meno yakamwagika lamini kama mahindi ya kupukuchua. Na bado akaimeza!"

Meza ikapiga makofi. Mwalimu Mbuke hakupiga. Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ile, na siku ya tano sasa alikuwa akiingoja barua ya kufukuzwa.

"Kwa hiyo haikumfikia mkuu wa chuo?"

"Itamfikiaje, mwanangu? Imo tumboni!"

Mbuke akashusha pumzi. Akanyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Mzee, Malimi hajazinduka tangu aokotwe barabarani. Polisi wenyewe wanasema ni majambazi tu. Aliyekwambia kuwa aliimeza ni nani?"

Saulo akatazama nje, kisha akacheka peke yake.

"Aa, jamani, si natunga tu! Mnanijua. Uongo mtupu, mmenikamata. Mama Pendo, chai ya wote juu yangu."

Akatoa noti, akamnyooshea kwa kushoto.

Philbert alikwisha kusimama mlangoni.

"Mama huyo ni mtu mzima, mzee," Mbuke alisema taratibu. "Mpe kwa mkono wa kulia."