Kitambi cha Tajiri

"Mwizi! Mwizi huyooo!"

Mrisho alikuwa anachanja mbuga bonde la Jangwani, kapu kwapani, na huku anacheka. Nyuma yake alikuja Gaudens, mwenye duka la jumla Kariakoo, kwa vishindo, kitambi kimetangulia, mwenyewe anafuata.

"Kaza, Tajiri!" muuza vitumbua akampigia kelele. "Hilo tumbo la miezi mingapi? Au mapacha?"

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeinua hata fimbo. Walishawazoea.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Daktari alimwambia Gaudens kwamba moyo wake umezungukwa na mafuta, asipokimbia atakufa. Akaanza kukimbia peke yake. Haukupita muda akachoka, siyo miguu, roho. Akiamshwa alfajiri anageukia ukutani, anavuta shuka.

Aliyehangaika ni Mrisho, hamali wake. Tajiri akifa, duka linafungwa. Na mwaka ule wa themanini na tatu, mtu asiye na kazi mjini alikuwa anapakiwa kwenye lori, anapelekwa kijijini akalime, mke anabaki kutazama vumbi. Mke wa Mrisho, Tatu, alikuwa na mimba kubwa.

Ndipo Mrisho akabuni lake. "Tajiri, binadamu hakimbii bila sababu. Mimi nitakwapua kapu lako, we nifukuze, unaita mwizi. Tuone kama utasinzia."

Siku ya kwanza nusura auawe. Wachimba mchanga walimdaka, tofali likamchana nyusi. Gaudens akafika anahema kama treni, akajitupa juu yake mzima mzima. "Mtu wangu huyu! Tunafanya mazoezi!" Mrisho hakuusahau uzito ule. Mwanaume akikulalia usipigwe, huyo siyo tajiri tena, ni ndugu.

Toka siku hiyo mazoezi yakanoga. Gaudens ndiye akawa anakuja kugonga dirisha la Mrisho kabla ya adhana. Suruali zikaanza kumpwaya.

Asubuhi hiyo walipotoka Jangwani walikaa kwenye ngazi za duka, wanakunywa chai kavu, haina sukari. Mji mzima ulikunywa chai kavu siku zile. Ila wao wawili walijua sukari ilipo: ilikuwa stoo ya uani, magunia kwa magunia chini ya mkaa. Mrisho mwenyewe ndiye aliyeyabeba, hamali wengine wamelala.

"Wamemchukua Elieshi," Gaudens akasema. Elieshi alikuwa na duka mtaa wa pili. "Mhujumu uchumi, wanasema. Wamemkuta na sabuni na khanga darini. Aliyemchongea ni dobi wake."

"Dobi gani huyo hana haya? Mtu unakula kwake!" Mrisho akatema mate pembeni. "Mimi, Tajiri, hata wanichune ngozi, sisemi."

"Mtu akichunwa husema, Mrisho."

Wakacheka wote. Gaudens akampigapiga begani, mkono ukakaa pale kidogo.

"Ila haya mazoezi yameanza kupoa, bwana," akasema. "Jangwani wanatuchekea tu, damu haichemki. Kesho tubadilishe njia. Tukatokee Ilala, sokoni."

"Ilala hawatujui."

"Si ndiyo raha yake? Na kapu lisiwe tupu. Nani anafukuzia kapu tupu? Nitatia redio yangu, nisikie uchungu wa kweli."

"We Tajiri! Ushanizidi ualimu!"

Kesho yake Mrisho aliinama kwenye kona karibu na soko la Ilala, akakaza kamba za raba, akalikumbatia kapu. Redio ya Gaudens ilikuwa ya kaseti, mpya, mtu wa kawaida aliiona kwa jirani tu. Alipochomoka mbio, shetani akamkimbilia sambamba. Pinda kulia tu, Mrisho. Kile kitambi hakikuwezi. Uza hii, mtoto azaliwe juu ya godoro.

Akafika kwenye kichochoro. Akakitazama. Akakipita.

"Simwibii mtu aliyenilalia nisipigwe," akajiambia, na akapunguza mbio, tajiri wake asije akampoteza.

"Mwizi! Kaniibia! Mkamateni!"

Sauti ilikuwa na uchungu kweli. Mrisho akafurahi. Leo yamekolea.

Mpini wa jembe ukampata gotini. Akaanguka na kapu lake, na kabla hajajigeuza watu walishamjaa juu, wachukuzi, wauza nyanya, hata mama mmoja na mwiko wake.

"Ni mazoezi!" akapiga kelele. "Jamani, tunafanya mazoezi!"

"Mazoezi ya kuiba!" mtu akamjibu, na kicheko kikaja pamoja na mateke.

"Muulizeni mwenyewe! Huyo anakuja!"

Mzee mmoja, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, akanyoosha mikono. "Ngojeni! Ngojeni, nasema! Mwenye mali aseme kwanza."

Wakangoja. Mawe yakabaki mikononi. Mrisho akajiinua kwa kiwiko, damu imejaa mdomoni, akamwona Gaudens anapenya katikati ya watu. Alikuja anatembea. Hata kuhema hahemi. Mrisho akajikuta anatabasamu. Kazi yake ile, mtu aliyekuwa hawezi kupanda ngazi za dukani kwake.

"Ndugu," mzee akauliza, "huyu anasema mnajuana. Unamfahamu?"

Gaudens akachuchumaa, akaitoa redio kwenye kapu, akaipangusa vumbi kwa kiganja, polepole, mbele na nyuma.

"Sijapata kumwona," akasema.