Wati Thelathini

Pampu ya baiskeli mkononi mwa Chuma ilitua kwenye goti la Kitinda mara mbili. Mara ya pili, ukumbi mzima ulisikia mfupa ukivunjika.

"Mwizi!" Chuma alifoka. "Tumbo moja na mimi, halafu mwizi!"

Kitinda alianguka kutoka kwenye baiskeli, kiatu kimoja bado kimenasa kwenye pedali. Chuma, dada yake, akamfuata palepale sakafuni, akamtandika ngumi ya mdomo. Kitinda akamng'ata kidole mpaka damu. Akalipwa kwa kichwa cha pua.

Kocha na fundi wa timu walimvuta Chuma mabegani, wakambana ukutani.

Baiskeli zao zilikuwa zimefungwa kwenye mashine za mazoezi, zile zinazokaza kama mlima na kupima nguvu za miguu kwa wati. Timu ilikuwa imebakiza nafasi moja. Baada ya dakika ishirini za jaribio, skrini ya Kitinda ilisoma mia mbili tisini. Ya Chuma, mia mbili sitini.

"Barabarani huyu ananijua kisogo tu," Chuma alihema. "Leo anipite kwa wati thelathini? Mimi mapaja yanawaka kama napanda ukuta, yeye anakanyaga kama anakoroga chai! Ameichezea mashine yake."

"Sijagusa kitu, dada. Haki ya mama, sijagusa."

"Ipimeni basi! Ikikutwa sawa, nifukuzeni timu."

"Wewe umeshajifukuza," kocha alisema. "Na mwenzako, kwa goti hilo, hapandi tena baiskeli mwaka huu. Fundi, pima."

Fundi alifunga pedali zake zenye kipimo cha wati, akafuta damu kwenye kiti cha Kitinda, akapanda. Alikanyaga dakika nzima bila kupunguza mwendo.

"Pedali mia mbili. Skrini mia mbili," alisema. "Mashine haina kosa."

Chuma aliserereka ukutani mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu," alisema. "Kitinda, nitazame."

Kitinda aligeuza uso upande wa pili.

Kwa mazoea tu ya kazi, fundi alihamishia pedali kwenye baiskeli ya Chuma. Akakanyaga. Akasimama, akazikaza upya kwa spana, akakanyaga tena, jasho likimtoka.

"Kocha," aliita, sauti imemshuka. "Hii nyingine inapunja. Pedali zinasoma mia mbili, skrini mia moja na hamsini. Inakula wati hamsini."

Kisha pale sakafuni Kitinda akaanza kucheka, akatema damu, akacheka tena.

"Hongera, dada," alisema. "Na hizo hamsini, ulikuwa umenipita kwa wati ishirini."