Gigabaiti Tisa

"Ghala la programu zetu lilivimba hadi gigabaiti tisa kwa uchafu wako!" Mkuu wa kitengo alinifokea mbele ya watu.

Faili kubwa kuliko yote nilikuwa nimeshalifuta kwenye historia ya ghala, inayotunza kila kilichowahi kuwekwa, nikamsitiri aliyeliweka. Zilibaki megabaiti arobaini.

"Sasa kila mtu afute nakala ya zamani ya ghala kwenye kompyuta yake, achukue mpya," nikasema. "Mmoja akituma ya zamani ghalani, uchafu wote unarudi."

"Usinifundishe kazi, binti. Nimeianza hujazaliwa."

Kidole chake kinene kikagonga kitufe. Alituma ya zamani.

Kwenye skrini ya ukutani ukubwa wa ghala ukapanda: moja, nne, tisa. Chini yake likajiandika jina la faili kubwa: video ya harusi yake, sehemu ya pili.

"Hongera, bwana harusi," mtu akasema nyuma.