Kitambaa cha Kumkaribisha Mama

Siku hizi mabango ya maonyesho ya biashara huandikwa kwa mkono, kwenye kitambaa kinachofifisha neno lolote ambalo mwandishi wake hakulimaanisha. Ikifika jioni, mabanda mengi hubaki na majina matupu. Mabango ya Mwanahawa hayapotezi hata herufi moja. Akipewa kazi ya kutangaza asali, kwanza huionja, ndipo ashike brashi. Mumewe, Kibwana, hachoki kumtazama.

Mama yake Kibwana alipopiga simu kwamba anakuja kuishi nao, Mwanahawa alitundika kipande cha kitambaa hicho sebuleni, akaandika: KARIBU MAMA, HAPA NI KWAKO. Kibwana alikikodolea macho mpaka wino ukakauka. Maneno yaling'aa. Kwa furaha akachukua brashi, naye akaongeza chini yake: KAA UPENDAVYO.

Mama alifika, akavua viatu, akasoma.

"Mkwe wangu, una mwandiko mzuri," alisema. "Lakini huku chini mbona pamepauka?"

Mwanahawa alimtazama mumewe, kisha akampokea mama begi.

"Ni jua la dirishani, Mama."

Kibwana hakuwahi kumsikia mkewe akisema uongo. Alishangaa jinsi alivyousema vizuri.