Kikaratasi cha Fundi Cherehani

Kabla ya kuloweka gauni lake la kanisani, mama mchungaji alipekua mifuko. Vidole vikagusa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alipewa Jumapili tatu zilizopita na fundi cherehani, mgeni pale kanisani, watu wakisukumana mlangoni. Alimshika mkono, akamwambia, "Nitakuombea, mwanangu."

Tangu siku hiyo hakuwa amekikunjua.

Sasa hodi ilipigwa, na aliyeingia alikuwa fundi huyohuyo, macho yamemvimba.

"Nimekuja kukushukuru, mama. Mtoto wangu tumemzika juzi, kijijini kwa baba yake."

Mama mchungaji akakificha kikaratasi kiganjani. "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Maumivu yakimzidi namwambia, 'Tulia, mama mchungaji yuko chumbani kwake amepiga magoti, anamtajia Mungu jina lako nililomwandikia.' Basi anatulia. Kila asubuhi ananiuliza, 'Leo amenitaja?' Namwambia, amekutaja."

Kiganjani, kikaratasi kilianza kulowa jasho.

Fundi akapiga magoti sakafuni, kando ya beseni, akafumba macho.

"Mtaje jina mara moja tu, mama, na mimi nisikie."