Taa ya Barazani Bowie

Taa ya barazani ilizimwa tena. Vaileth aliiona kwenye kishikwambi chake, kile kidoa cha manjano kikigeuka kijivu, na papo hapo akaiwasha. Haikuchukua muda ikazimwa.

"Irene," aliita, "kuna mtu kaingilia mitambo yangu."

Bintiye alikuwa mlangoni anavua viatu, ndiyo kwanza katoka kazini. Akamwambia aachane nayo. Vitu hivi vya intaneti vina siku zake.

Vaileth hakuweza kuachana nayo. Katika nyumba ile ya Bowie, mji ulioko Maryland, Marekani, aliishi na marehemu mumewe, Clement, tangu Irene akiwa wa kubebwa. Clement alikuwa mgonjwa wa vyombo vya umeme. Taa na vipasha joto vyote aliviunganisha kwa mkono wake, ili mtu aviendeshe kwa kishikwambi hata akiwa Mbeya. Alipofariki alimwachia mkewe vyombo hivyo, pamoja na mlimao mmoja alioupanda kwenye chungu, ambao baridi ya Maryland ingeukausha mara moja. Ndiyo maana, tangu Vaileth apasuliwe nyonga na kuja kukaa kwa muda kwenye fleti ya Irene hapa Silver Spring, kila jioni alipandisha joto la Bowie na kuwasha taa ya barazani, wezi wasije wakajua hakuna mtu.

Na kila jioni mtu alishusha joto na kuzima taa.

Kampuni yenye mitambo ilikuwa na namba ya simu, lakini kumpata binadamu ilikuwa kazi nyingine. Mashine ilimtaka aeleze tatizo lake kwa ufupi. Akaeleza, ikasema haijamwelewa. Akaeleza tena polepole, kama anayezungumza na mtoto, ikamrudisha kwenye muziki. Siku alipompata msichana, aliambiwa azime kila kitu kisha awashe. Siku nyingine kijana mmoja alimwambia akaunti yake inachunguzwa, na kwamba sheria ya faragha haimruhusu kusema zaidi. Vaileth akauliza ni faragha ya nani hiyo, maana nyumba ni yake na akaunti ni yake. Yule kijana akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

Asubuhi moja kishikwambi kikakataa nywila yake. Nyumba ya Bowie haikuwapo tena kwenye kioo.

Alikaa kitandani akakishika mapajani hadi kikajizima chenyewe. Jioni akamwambia Irene wapande gari waende wakaone kuna nini. Irene akasema nyonga bado haijakaa sawa, ngazi za kule zitamwumiza. Wiki iliyofuata gari likawa gereji. Baadaye kazi zikambana.

Vaileth hakumlaumu. Binti gani angemtunza hivi? Tangu siku za hospitali Irene ndiye aliyepewa idhini ya kumsimamia mambo yake yote na kutia saini kwa niaba yake, na hakuwahi kunung'unika. Alikuwa akienda Bowie peke yake na kumletea vitu vyake kidogo kidogo, masufuria, picha ya harusi, mpaka kile kiti cha Clement, ili mama asijisikie mgeni. Mlimao tu ndio haukuletwa. Fleti haina jua, Irene alisema.

Vaileth alipotaja kwenda kushtaki serikalini, Irene aliweka uma chini.

"Mama, please. Usiwasumbue watu."

Basi hakumwambia. Alingoja Irene aende kazini, akapiga simu ofisi ya jimbo inayotetea wanunuzi. Aliyepokea aliitwa Ajamu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na aliposikia lafudhi yake akamwamkia shikamoo. Vaileth nusura alie. Akamweleza yote: wahuni wameingilia nyumba yake, kampuni inawalinda, na yeye hana pa kwenda. Ajamu alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya. Akasema ataiandikia kampuni, na kwa sheria ni lazima imjibu.

Ajamu alipompigia ilikuwa mchana, siku ambayo Irene alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Alikuwa jikoni anakoroga mchuzi. Vaileth akaiweka simu kwenye spika, binti naye asikie kwamba mama yake hajachanganyikiwa.

Ajamu alisema kampuni imejibu, na hakuna mhuni yeyote aliyeingilia mitambo. Kilichotokea ni kwamba mwenye nyumba alilalamika. Kuna mtu alikuwa anamwashia taa na kumpandishia joto kutoka mbali, kila jioni, na sheria ikailazimu kampuni kumkatia njia mtu huyo.

"Mwenye nyumba ni mimi," Vaileth alisema.

Ajamu akazungumza kwa kile Kiswahili chake cha chuoni, neno moja moja.

"Samahani sana, Mama. Jina walilonipa si lako."

Vaileth alimgeukia bintiye amsaidie kumwelewesha huyu kijana. Irene alikuwa amezima jiko. Bado ameshika mwiko, macho yake kwenye mchuzi.

"Wana mtoto mchanga, Mama," alisema. "Joto lile lilikuwa linamzidi. Walikuwa wananipigia mimi."