Picha ya Bwana Anselmo

Bwana Anselmo, hakimu mstaafu, alikuwa akichorwa kwa siku ya tisa. Ugonjwa wa ini ulikuwa umemmaliza, hata kukaa wima kitini kulimtoa jasho. Mkewe, Bi Remedios, alisogea kuitazama picha, akashtuka.

“Umemchora kama maiti! Mnenepeshe kidogo, tafadhali.”

Mchoraji akachovya brashi kwenye rangi ya waridi.

“Acha hivyo hivyo,” Anselmo alimwambia. Kisha akamgeukia mkewe. “Tangu nianze kuugua, nyote mnaniambia naendelea vizuri. Huyu peke yake ndiye aliyenitazama.”

Remedios alimtazama mumewe usoni kwa muda mrefu, kisha akaweka kiganja kwenye shavu lake lililobonyea. Anselmo akafumba macho, akaegemea kiganja hicho. Hakuna aliyemwambia mchoraji aendelee.